Miaka ya Dani Akoth

Jumatatu, 2 Juni

Nimemwosha Dani saa tatu, jua likiwa limeshaupata ukuta wa nyuma. Maji vuguvugu, sabuni ya mche, mafuta mgongoni. Kila Jumatatu na Ijumaa, tangu mume wangu Joseph afariki. Ni nyanya yake Joseph, ndiyo maana tunamwita Dani, lakini aliyebaki naye ni mimi.

Kitambulisho chake kinasema miaka mia moja na kumi na saba. Mimi nina sitini na moja na magoti yananilia nikipanda kitandani. Yeye anajikunja kwenye karai kama msichana.

Leo nimeona kitu. Kisogoni, chini ya mvi, zimemea nywele nyeusi. Kiraka cha ukubwa wa kiganja cha mtoto. Nikazivuta kidogo. Zimeshika. Sikumwambia.

Mercy bado ana homa. Wiki ya tatu sasa. Ni binti yangu wa pekee, anafundisha nasari Oyugis, na alirudi akisema anataka kulala siku mbili tu. Zahanati wametibu malaria. Wakatibu taifodi. Jioni homa inarudi palepale, shuka linalowa chapachapa.

Jumatano, 4 Juni

Mtangazaji wa redio amekuja kutoka mjini Migori. Dada mchangamfu, viatu vyeupe kwenye matope yetu. Aliletwa na Ouma, mdogo wake Joseph. Ouma alivaa koti.

Dani aliketi mlangoni akajibu yote. Majina ya machifu wa zamani. Njaa. Nzige. Walivyotembea hadi ziwani kutafuta chumvi. Halafu swali lililotarajiwa: siri yake ni nini?

Ouma akalitafsiri kwa Kijaluo. Dani akafikiri sana.

"Sina siri," akasema. "Nilisahaulika."

Yule dada akacheka, akaliandika. Mimi sikucheka.

Anasema wanaodai umri kama huu ni wengi duniani, na wanaokubaliwa ni wachache sana. Kitambulisho hakitoshi, kwa sababu makarani wa enzi zile walikisia miaka kwa kumtazama mtu usoni. Anataka kitabu cha ubatizo. Dani ana kadi yake ya ubatizo, imefungwa kwenye kitambaa, namba bado inasomeka. Misheni ya Asumbi. Ouma akanigeukia.

"Shemeji, wewe ni mwalimu. Nenda wewe."

Ijumaa, 6 Juni

Kipindi kilitoka jana. Leo nimeenda kinuni kusaga mahindi, na wanawake walipoona ni mimi wakanyamaza wote. Halafu mmoja akauliza Mercy anaendeleaje. Aliuliza kwa namna.

Wakahesabu hapohapo, mbele yangu, kwa vidole. Joseph, mwaka juzi. Dada yake Joseph, Krismasi iliyofuata. Achieng, binti wa Ouma, mwaka jana, miaka kumi na tisa, aliamka na maumivu ya kichwa na hakufika Jumapili. Wote wa boma moja. Na bibi yuko palepale, anaongea redioni.

"Anakula miaka yao," mmoja akasema. Hakunong'ona.

Nikawaambia waache ujinga. Nikawaambia nimefundisha watoto wao miaka thelathini na tano na sikuwafundisha hayo. Nikatoka na unga wangu.

Njiani, kati ya miwa, nikahesabu na mimi.

Jumapili, 8 Juni

Mercy ametapika hata maji. Dani alimaliza uji akainua bakuli, anataka tena.

Nilimchukia. Kwa muda wa kujaza bakuli tu. Lakini nilimchukia.

Jumanne, 10 Juni

Naandika yote kwa mpangilio.

Asubuhi nilimpeleka Mercy hospitali ya Homa Bay. Daktari wa kike, mpole, aliuliza maswali ambayo hakuna aliyekuwa ameyauliza. Viungo vinauma? Vinauma. Oyugis anakunywa maziwa gani? Ya jirani, yanakamuliwa akiona. Yanachemshwa? Mercy akanitazama. Wakatoa damu. Majibu watanipigia.

Wakati wa kurudi tulishuka Asumbi, kwa kuwa ni njiani. Mercy akalala kwenye benchi nje ya ofisi ya parokia, kichwa juu ya mkoba wangu. Sista anayetunza vitabu akanifungulia kabati. Vitabu vikubwa, kurasa za kahawia, Kilatini cha mapadri wa zamani. Tukaitafuta namba kwa kidole.

Tukaipata. Rosalia Akoth. Jina la baba ni lile analolitaja Dani. Kijiji ni kilekile. Nilifurahi. Kweli nilifurahi, nikamshika sista mkono.

Yeye hakufurahi. Alikuwa anatazama ukingo wa ukurasa. Palikuwa na msalaba mdogo wa wino, na neno moja.

"Hili neno maana yake alifariki," akasema.

Nikamwambia pengine ni kosa. Akaenda kuchukua kitabu cha maziko. Akoth alikuwa humo. Mke wa babu yake Joseph, jina la babu limeandikwa kikamilifu. Alikufa baada ya kujifungua mtoto wa pili. Mtoto wa kwanza, Petro, alikuwa bado hajaachishwa kunyonya vizuri.

Petro ni baba mkwe wangu. Alikufa mzee wa mkongojo, na Dani alimlilia kwenye kaburi kama mama anavyomlilia mwanawe.

Sista akafunga kitabu taratibu. "Huyu mnayemtafuta ni jamaa yenu?"

"Yuko nyumbani," nikasema. "Nimemwacha akila viazi."

Nje Mercy alikuwa anakohoa.

Jumatano, 11 Juni

Usingizi wa mang'amung'amu. Asubuhi nilisimama uani, Dani amenipa mgongo, anachambua maharagwe. Nikaita, "Akoth!"

Akageuka. Lakini alichelewa. Kidogo tu, kama mtu anayeitwa kutoka ng'ambo ya mto. Ndipo nikakumbuka kwamba siku zote huchelewa. Miaka thelathini na minane nimeolewa humu, nikidhani ni masikio.

Nikampigia yule dada wa redio. Hakushtuka hata kidogo. Anasema ndivyo madai mengi yanavyoanguka: watu wawili ndani ya jina moja. Dada amekufa, mdogo kapewa jina lake na karatasi zake. Miaka ya wawili inajumlishwa kuwa ya mmoja. "Ni kawaida sana, Mwalimu. Pole." Kwake ni kipindi kimeharibika.

Alasiri nikaketi mbele ya Dani. Nikamwambia nimetoka Asumbi, na nimeona msalaba.

Hakukana. Akaendelea kuchambua maharagwe huku anaongea, kwa sauti yake ileile ya kila siku. Naandika kama alivyosema, kadiri nilivyoweza kutafsiri.

"Nilikuwa wa kubeba maji kwa kibuyu kidogo. Bado sijaota matiti. Akoth alipokufa nililetwa nishike mtoto. Petro alilia siku tatu anamwita mama yake. Mama mkwe wake akaniita mbele ya watu wote, akasema, huyu hapa Akoth. Akoth hajafa, amekuja. Watoto wakanyamaza. Na yeye mwenyewe, kule aliko, akijua watoto wana Akoth, hatarudi kuwachukua. Basi nikawa. Nilipokua nikawa mke pia. Karani wa chifu alipokuja kuandika watu, nikatoa kadi ya dada. Waliojua wakazeeka, wakafa. Nikabaki najua peke yangu."

Nikauliza yeye ni nani.

Mikono ikasimama. Alifungua mdomo, akaufunga. Nadhani alikuwa analitafuta. Halafu akalitoa polepole, kama mtu anayetema mbegu kwenye kiganja.

"Awino."

Nimepiga hesabu. Kama Petro alikuwa mtoto wa mgongoni na yeye msichana wa miaka kumi, basi leo ana tisini na tisa, labda mia. Ni bibi mzee tu. Hakuna ajabu. Nitawaambia wote, na maneno ya kinuni yatakwisha.

Jumamosi, 14 Juni

Nimefanya kosa.

Walikuja watu kama ishirini. Ouma, wazee wa ukoo, majirani wa mpakani. Dani tulimwacha ndani kwake. Nikasimama kama niko darasani. Nikasoma nilivyonakili: namba, jina, msalaba, kitabu cha maziko. Nikaeleza hesabu. Nikasema, kwa hiyo mnaona, si mia na kumi na saba.

Hakuna aliyesikia hesabu. Walisikia kwamba Akoth alikufa.

Kuku wakasogea mpaka miguuni mwetu. Ouma akasema, bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza:

"Shemeji, umesoma vizuri. Akoth alizikwa. Sasa sisi tumekuwa tukimlisha nani?"

Nikasema ni mdogo wake, ni Awino. Mzee mmoja akatikisa kichwa. Alisema mauti yalikuja kwenye boma hili yakamwita Akoth, yakaambiwa ameshachukuliwa. Hili jina lingine hayajawahi kuambiwa. Kwa hiyo yanapita, yanarudi, na kila yakirudi yanaondoka na aliye karibu.

Watu wazima. Wengine niliwafundisha kusoma. Wakaitikia.

Wameamua Jumamosi ijayo. Watakuja na mtu wa dawa, wamtoe bomani. Nikauliza, mumtoe mumpeleke wapi? Kila mmoja akatazama miguu yake.

Jumatatu, 16 Juni

Hakuna aliyekuja kuteka maji kwenye tangi letu. Watoto wa shule wanazunguka kwa njia ya miwa. Ua wa upande wa Dani umeng'olewa, hatua kama kumi hivi. Sikusikia kitu.

Nimeenda kwa chifu. Amenisikiliza. Amesema Jumamosi atakuwa safarini.

Mercy hawezi kusimama. Nikimgeuza analia maumivu ya kiuno. Mifupa ya mabega imetokeza kama ya mtu mwingine.

Leo ni siku ya kumwosha Dani. Sikumwosha. Niliuweka uji kwenye kizingiti nikaondoka haraka. Nikiwa uani nikasikia mlango unafunguka, bakuli linaburutwa ndani. Nilikimbia. Mwalimu mzima, Mkristo, nimekimbia uani mwangu mchana kweupe.

Jumatano, 18 Juni

Hospitali wamepiga. Ni brusela. Ugonjwa wa ng'ombe, ameupata kwenye maziwa. Unatibika. Vidonge vya aina mbili, wiki sita, bila kuruka hata siku.

Aliyeenda kuvichukua ni Ouma. Alikwenda na kurudi kwa pikipiki yake, kalowa mvua ya njia nzima. Akampa Mercy vidonge vya kwanza kwa mkono wake, akamshikia kikombe. Halafu akasimama jikoni kwangu akalia. Anasema, laiti Achieng angepata daktari kama huyu.

Nikamwambia, sasa umeona ni maziwa. Jumamosi iacheni.

Akapangusa uso. "Ya Mercy ni maziwa," akasema. "Na ya Achieng?"

Ouma si mtu mbaya. Ingekuwa rahisi angekuwa mbaya.

Usiku huu homa imepanda kuliko siku zote.

Alhamisi, 19 Juni

Dani ameniita saa nne. Ameniita kwa nguvu, mpaka nikaenda.

Alikuwa amejiosha mwenyewe. Amevaa rinda la kanisani, ameketi kitandani, miguu haifiki chini. Nikapiga magoti, nikaomba msamaha kwa Jumatatu. Akaupitisha mkono hewani kama anafukuza nzi.

"Keshokutwa wanakuja?"

Nikasema ndiyo.

"Mtoto hajalala?"

Nikasema hajalala. Dawa imeanza, lakini bado.

Halafu akasema Rosalia alibatizwa, yeye hajawahi. Miaka yote amekula ekaristi kwa jina la dada yake. Anataka maji. Nikamwambia Jumapili nitamleta padri.

"Jumapili ni mbali, nyathina." Mwanangu, ndivyo anavyoniita. "Wewe ulifundisha dini. Unajua maneno."

Najua maneno. Kila mwalimu wa dini anayajua. Mkristo yeyote anaruhusiwa kubatiza, kama kuna hatari ya kifo.

Nikamtazama. Macho maangavu. Pumzi nzuri. Hakuwa na homa, hakuwa na kikohozi. Mgonjwa alikuwa nyumba ya pili.

Nikachota maji kwa kikombe. Nikauliza jina gani la ubatizo. Akasema Awino linatosha, asiongezewe mengine, mengine yamemchosha. Nikamwinamisha juu ya karai. Nikaita, "Awi—" na akawa ameshaitikia. Hakuchelewa. Nikamwaga mara tatu, nikayasema maneno yote.

Maji yakamtiririka usoni hadi kidevuni. Hakuyafuta. Akatazama mlango, ulikuwa wazi, hapakuwa na mtu.

"Sasa ataniona?" akauliza.

Sikumwuliza nani. Nilijua anamsema yule aliyemsahau, mauti. Na maji yalipokuwa yanaanguka sikuwa nikimfikiria yeye. Nilikuwa nikimfikiria Mercy. Nilikuwa nikisema moyoni, mchukue huyu. Nimeliandika. Liko hapa.

Ijumaa, 20 Juni

Amekufa. Nimemkuta saa moja asubuhi, amelala ubavu, mkono chini ya shavu. Bado alikuwa na joto kidogo.

Nimerudi nyumbani kumwambia Mercy. Nikamkuta ameketi. Shuka kavu. Ameniambia ana njaa.

Jumamosi, 21 Juni

Walikuja kama walivyosema. Wanaume tisa na yule mtu wa dawa na mfuko wake. Nikawafungulia mlango wa Dani wakaona wenyewe.

Ouma akavua kofia. Wa pili akavua. Mtu wa dawa akauliza alikufa lini, nikamwambia, akakunja midomo kama fundi aliyekuta kazi imeshafanywa. Akaondoka bila kuaga.

Ouma akaingia, akamfunika miguu. Akauliza, "Nani amemwambia tunakuja?"

Nikasema mimi. Hakuuliza zaidi.

Alhamisi, 26 Juni

Tumemzika jana. Wengi walikuja, hata wa kinuni. Walilia, na sidhani walikuwa wanaigiza. Wameanza tena kuteka maji.

Ouma alitengeneza msalaba. Akaniuliza aandike jina gani na miaka mingapi. Jina nikampa. Miaka nikamwambia aache wazi. Sijui tena ipi ni yake na ipi si yake.

Mercy ametembea hadi kaburini na kurudi. Daktari, kwa simu, anasema siku mbili au tatu ndiyo kawaida ya dawa hizi kushika. Jumatano hadi Ijumaa ni siku mbili. Nimehesabu mara nyingi. Hesabu iko sawa. Ni dawa.

Jumatatu, 30 Juni

Nimeenda parokiani kwetu kuandikisha ubatizo. Lazima uandikishwe, hata wa marehemu. Padri ni kijana, amehamia mwaka huu. Alikuwa na kitabu kipya, kurasa bado nyeupe.

Jina. Awino. Wazazi, nikawataja. Tarehe ya kuzaliwa, haijulikani. Aliyebatiza, jina langu.

"Alibatizwa katika hatari ya kifo?"

"Ndiyo, Padri."

"Alikuwa anaumwa nini?"

Dirisha lilikuwa wazi. Mtu alikuwa anafyeka nyasi.

"Alikuwa mgonjwa sana," nikasema.

Padri akaandika. Nikasubiri wino ukauke, nikamshukuru, nikatembea hadi nyumbani. Nilipofika, Mercy alikuwa anaanika nguo, anaimba. Sauti imerudi yote. Nilisimama nje ya lango nikimsikiliza. Nilisimama muda mrefu kabla ya kuingia.